Kisu cha Kuhasi na Siri ya Damu

Msafiri aondokaye mjini Moshi na kupanda kuelekea Kibosho, Old Moshi au Marangu, akaiacha nyuma tambarare yenye joto na kuingia katika kivuli cha migomba iliyochanganyika na mibuni, hupita kando ya nyumba nyingi ambazo mifugo yake haionekani kwa macho ila husikika kwa sauti. Kwani Wachaga, watu wa mlima huu wa Kilimanjaro, ambao ardhi yao ilikuwa haba tangu kale na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimepakana na kihamba kingine, hawakuwa na mbuga za kuswagia makundi, wakawafunga ng'ombe na mbuzi wao ndani, wakiwalisha majani na vigogo vya migomba pamoja na nyasi zilizoletwa na wanawake vichwani kutoka nyanda za chini, na samadi ya wanyama hao ikarudi shambani kuwa riziki ya mgomba. Katika nyumba ya zamani, ile ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi ardhini, binadamu na mnyama walilala chini ya paa moja, wakaota moto mmoja.

Makazi hayo ya pamoja yana maana kubwa katika habari ninayotaka kuisimulia. Beberu mzima ni mnyama wa adha: hunuka harufu kali isiyovumilika katika chumba kilichofungwa, hupiga pembe, hulia usiku anapomhisi mbuzi jike, na anapochinjwa nyama yake huwa ngumu, nayo hubaki na harufu ile ile. Kwa hiyo, naona, haja ya kuhasi ilikuwa kubwa zaidi mlimani kuliko katika nchi za wafugaji wenye nafasi, ambako dume aweza kwenda kulala mbali na bwana wake. Na ndiyo maana ndafu, yaani yule mbuzi dume aliyehasiwa angali mdogo, akafungwa ndani na kulishwa kwa mkono hadi akanona, akapata daraja ambayo mnyama mwingine hakuifikia. Hata leo, arusi ya Mchaga iwe Machame, iwe Rombo, iwe katika ukumbi wa Dar es Salaam, haijatimia heshima yake mpaka aletwe ndafu amechomwa mzima, majani mabichi mdomoni, akasimamishwa mbele ya bwana na bibi arusi.

Wengi humla ndafu bila kuzingatia elimu iliyomo katika mnofu wake. Mwenye kushika kisu cha kuhasi alijua, bila kufundishwa na kitabu chochote, kwamba korodani ina kazi mbili: ya kwanza ni kutoa mbegu ya kizazi, nayo hukoma mara korodani zikiondolewa, na ya pili, ambayo ni ya ajabu zaidi, ni kuutawala mwili wote ulio mbali nayo, kiasi cha kwamba kitendo kilichofanywa chini ya mapaja kwa dakika chache hubadili shingo, sauti, ndevu, harufu, mafuta na hata tabia ya mnyama kwa umri wake wote uliobaki. Alijua pia kwamba wakati una hukumu yake: mnyama aliyehasiwa kabla ya baleghe huwa mpole na mnene, ilhali aliyehasiwa akiwa ameshakomaa hubaki na shingo yake nene na pembe zake, wala ugomvi wake haumwishi wote. Na ng'ombe kadhalika, fahali akigeuzwa maksai. Wafugaji wa Afrika ya Mashariki walifanya kazi hiyo kwa kisu au kwa kuponda mishipa iendayo kwenye korodani bila kuipasua ngozi, na njia hii ya pili ndiyo iliyokuja kuenezwa na mabwana mifugo wa serikali kwa koleo la chuma liitwalo Burdizzo, kwa jina la Mtaliano aliyelitunga. Nalo halina fundisho jipya ila ni la chuma na halitoi damu.

Hayo ni maarifa ya kweli, yaliyopatikana kwa majaribio yaliyorudiwa mara elfu na elfu, na mimi siwaafiki wale wanaoyaita mazoea ya washamba. Lakini maarifa hayo yalikuwa na upungufu mmoja, nao ulileta madhara katika nyumba za watu. Kwa kuwa kisu huziondoa kazi mbili za korodani kwa pigo moja, mwenye kisu aliona daima urijali na uzazi vikiondoka pamoja, akahukumu kwamba vilivyoondoka pamoja sharti huishi pamoja. Na kwa hukumu hiyo mwanamume mwenye ndevu, sauti nzito na nguvu za kitandani hakuweza kushukiwa kuwa tasa. Nyumba ikikosa mtoto, shutuma zilimwangukia mke.

Jinsi hukumu hiyo ilivyojengwa na jinsi ilivyobomolewa ni historia inayofuatana na historia ya mlima wenyewe kwa namna ya kustaajabisha. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mjuzi wa safari za bara, aliiona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari yake ilipopigwa chapa Uingereza mwaka 1849, wanajiografia waliokaa vitini mwao London, na Desborough Cooley akiwa mbele yao, waliikanusha kwa kuwa akili zao hazikukubali barafu karibu na mstari wa ikweta. Mwaka huo huo wa 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mwalimu aitwaye Arnold Berthold alitoa makala ya kurasa chache tu kuhusu vijogoo 6. Baadhi yao aliwatoa korodani na kuwaacha hivyo, nao wakanenepa, wakawa waoga, wala hawakuwika. Wengine aliwapachikia tena korodani moja ndani ya tumbo, ama yao wenyewe ama ya mwenzao, na hao wakawika, wakapigana, wakawafuata kuku, na upanga wa kichwani ukawasimama mwekundu. Alipowapasua alikuta kwamba korodani ile iliyohamishwa haikuwa na mshipa wa fahamu wa kuiunganisha na mwili, ila ilikuwa imeota mishipa mipya ya damu. Hapana njia nyingine, akasema, ila kwamba kuna kitu kitokacho katika korodani, kikaingia damuni, na damu ikakipeleka mwili mzima.

Wazee wa Marangu, lau wangesomewa makala ile, wasingeona ajabu katika nusu yake ya kwanza, kwani kuku aliyehasiwa na mbuzi aliyehasiwa hali yao ni moja. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa elimu mpya, yaani kurudisha kilichoondolewa na kuona urijali ukirudi. Theluji ya Rebmann ilisadikiwa baada ya miaka michache, von der Decken alipokuja kuupima mlima kuanzia 1861. Kitu cha Berthold kiachwacho damuni kilingoja miaka karibu 90 kabla ya kukamatwa.

Katika kungoja huko kulitokea kisa kimoja kinachostahili kutajwa, kwa kuwa mwenyewe ni mtoto wa bahari yetu. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa mwaka 1817 Port Louis katika kisiwa cha Morisi, akawa mwalimu mkubwa wa tiba huko Paris. Na tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba amejidunga sindano ya maji yaliyokamuliwa katika korodani za mbwa na za simbilisi, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia mikononi, tumboni na katika fikira. Miezi minne baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikanyaga kilele cha Kibo, baada ya Meyer kushindwa mara mbili. Mpanda mlima alifika kweli. Mzee wa Paris hakufika, kwa sababu kitu alichokitafuta hakiyeyuki ndani ya maji, na maji yale aliyojidunga hayakuwa nacho ila chembe isiyotosha. Nguvu alizozihisi zilitoka katika imani yake. Hata hivyo hakukosea katika neno lake la asili, kwamba tezi za mwili humimina damuni vitu vya kutawala viungo vya mbali, na kwa ajili ya neno hilo waliokuja nyuma walianza kutafuta kwa bidii. Na mwaka 1905 Ernest Starling wa London akavipa vitu hivyo jina la homoni, ambalo Kiswahili nacho kimelipokea.

Mlimani wakati huo kulikuwa na msiba. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wakuu wenzake, na miaka miwili baadaye akaja mlimani mchungaji wa misioni ya Leipzig, Bruno Gutmann, aliyeishi na Wachaga kwa muda mrefu, akawasikiliza wazee kuliko wageni wengi walivyowasikiliza. Kwake tunapata maandishi marefu ya mafunzo waliyopewa vijana baada ya tohara, mafunzo ambayo wazee waliyaongoza kwa mregho, ile fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikiwa na somo lake na wimbo wake: asili ya mtu, kukua kwa mimba tumboni, wajibu wa mume kwa mke na wa mtoto kwa wazazi. Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyezaliwa mlimani humo humo, aliandika naye juu ya utoto wa Kichaga mwaka 1940. Na Petro Itosi Marealle wa Marangu akaandika kwa Kiswahili, mwaka 1947, kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kazi ya mwenyeji anayezisimulia mila za kwao kwa lugha ya taifa zima, na kwangu mimi hicho ni hazina isiyopungua thamani mbele ya majalada ya wageni.

Katika mafunzo hayo kuna jambo ambalo halina budi kuelezwa kwa insafu. Urijali haukufundishwa kuwa ni nguvu ya kuachiwa ifanye itakavyo. Ulifundishwa kuwa ni amana yenye mipaka. Mume alipaswa kungoja hadi mtoto aliye mgongoni apate umri wa kutembea na kula mwenyewe, yapata miaka mitatu, kabla ya mkewe kushika mimba nyingine, na aliyeshindwa kungoja, au asiyejua kujizuia mbegu yake isiingie, alipata aibu mbele ya rika lake na mbele ya wakwe zake. Tena wazazi waliokwisha kuoza watoto wao walitakiwa waache kuzaa, ili vizazi viwili visizae pamoja katika nyumba moja. Sheria ya pili hupendeza ukiitazama kwa maarifa ya leo, kwa kuwa maumbile yenyewe hayamwekei mwanamume mpaka huo: mwanamke hufika siku ya kukoma hedhi, lakini korodani za mwanamume huendelea na kazi hadi uzeeni, nguvu zake zikipungua kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Pale maumbile yaliponyamaza, mila ilisema. Lakini katika mafunzo hayo yote, mbegu ya mume ilichukuliwa kuwa ipo daima kwa kila aliyebaleghe na kutahiriwa; haikuwa na somo lake la kukosekana.

Jalada la kwanza la mafunzo hayo ya Gutmann lilichapwa mwaka 1932, na mwaka huo, kwa sadfa isiyo na mkono wa mtu, ndipo mambo mawili makubwa ya elimu ya homoni za kiume yalipoandikwa Marekani. Ili kuyaeleza yanipasa kurudi nyuma kidogo. Chicago ulikuwa mji wa machinjio makubwa, na korodani za mafahali zilizotupwa huko zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwaka 1927 Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walikamua kilo zipatazo 18 za korodani hizo wakapata miligramu 20 tu za kiini, wakamdunga jogoo aliyehasiwa, na upanga wake uliokuwa umenyauka ukafufuka. Jogoo wa Berthold amekuwa mizani. Mwaka 1935, miaka miwili baada ya wakulima wa kahawa wa mlimani kuunda chama chao kikuu cha KNCU hapa Moshi, Ernst Laqueur na wenzake wa Amsterdam walikisafisha kitu chenyewe kutoka katika korodani za mafahali wakakiita testosteroni, na katika mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, wakaweza kukitengeneza maabarani, wakatunukiwa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939.

Sasa niyarudie ya mwaka 1932. Ndani ya korodani kuna makundi mawili ya seli, na yalikwisha kuonekana kwa darubini zamani: Franz Leydig aliziona seli zilizo katika nafasi baina ya mirija mwaka 1850, na Enrico Sertoli, Mtaliano kijana mwenye umri wa miaka 23, aliziona mwaka 1865 zile zilizo ndani ya mirija yenyewe, zikizikumbatia na kuzilea mbegu changa. Seli za Leydig ndizo zitengenezazo testosteroni. Seli za Sertoli ndizo walezi wa mbegu. Tezi ya pituitari, iliyotundikwa chini ya ubongo na yenye uzito wa kama nusu gramu tu, hupeleka damuni wajumbe wawili, LH na FSH, ambao wote ni protini: wa kwanza huziamuru seli za Leydig na wa pili huziamuru za Sertoli. Carl Moore na Dorothy Price wa Chicago walionyesha mwaka 1932 kwamba amri hiyo haiendi upande mmoja, kwani homoni ya korodani ikizidi damuni huirudia pituitari na kuinyamazisha. Na mwaka huo huo Roy McCullagh alitoa hoja kwamba mirija ya mbegu nayo ina kitu chake cha kuizuia pituitari, mbali na testosteroni, akakiita inhibini. Wengi walishuku kama kitu hicho kipo. Kilisafishwa na kuthibitika mwaka 1985, nacho ni protini itokayo katika seli za Sertoli, ambayo kazi yake ni kumpunguza mjumbe FSH peke yake, isimguse mwenzake.

Wachaga wanayo tangu kale kazi inayofanana na utaratibu huu, nayo ni mifongo yao, ile mifereji itwaayo maji ya makorongo juu na kuyateremsha kwa maili nyingi hadi vihambani: mwangalizi aliye kwenye mlango wa maji hafungui wala hafungi kwa kupenda kwake, hungoja habari kutoka chini, na habari hizo ni za aina mbili, ya mwenye shamba la migomba na ya mwenye shamba la ulezi, kila mmoja akipiga kelele kwa zamu yake maji yanapopungua na kunyamaza yanapomtosha. Ndivyo ubongo na korodani vilivyo. Damu iwapo na testosteroni ya kutosha, ubongo na pituitari humpunguza LH. Iwapo na inhibini ya kutosha, humpunguza FSH. Mmoja wa wakulima akifa shambani mwake, mlango wake huachwa wazi kabisa na maji humwagika bure, ilhali wa pili huendelea kupata haki yake kama kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo hukumu ya kisu ilipobomoka. Seli za Sertoli na mbegu zinazolelewa nazo zaweza kuharibika, mathalani kwa matubwitubwi yaliyompata kijana baada ya kubaleghe na kushuka korodanini, na seli za Leydig zisidhurike sana. Mtu huyo atakuwa na ndevu, misuli, sauti na shauku yake yote, na mkewe hatapata mimba naye hata wakae pamoja miaka 20. Vile vile mirija ya kupitisha mbegu yaweza kuzibwa na makovu ya kisonono kilichotibiwa nusu nusu, mbegu zikazalishwa na zisipate njia. Kwa nje hapana alama. Macho ya mkwe, ya mshenga na ya mzee wa ukoo hayaoni chochote, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakihukumu.

Kinyume chake ni cha ajabu zaidi, na vijana wa leo wanaotafuta vifua vipana wangelifaidika kukijua. Testosteroni inayohitajika na mbegu ni nyingi mno kuliko ile iliyo damuni, nayo hupatikana ndani ya korodani kwa kuwa seli za Leydig ziko jirani, na kwa kuwa seli za Sertoli hutoa protini maalumu ya kuishika na kuikusanya ndani ya mirija. Mwanamume ajidungaye testosteroni kutoka nje huijaza damu yake, pituitari ikasikia kwamba yametosha, ikawanyamazisha LH na FSH, na korodani, zilizoachwa bila amri, husinyaa na kuacha kutoa mbegu. Misuli yake huongezeka na uzazi wake huisha. Kwa wengi hali hurudi wakiacha, lakini baada ya miezi, kwani mbegu moja huhitaji siku zaidi ya 70 kutengenezeka.

Amri ya juu kabisa, ile itokayo kwenye haipothalamasi ndani ya ubongo kwenda pituitari, ilijulikana umbo lake mwaka 1971, Andrew Schally na wenzake walipotangaza kwamba ni mnyororo mfupi wa amino asidi 10. Mwaka huo huo, mwezi Machi, ilifunguliwa hospitali ya KCMC kwenye mteremko ulio juu kidogo ya mji wa Moshi, kwa juhudi za makanisa katika Shirika la Msamaria Mwema, nayo ikawa hospitali ya rufaa ya kanda yote ya kaskazini na baadaye chuo cha madaktari, pamoja na wale wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume waliokwenda kufanya kazi katika nchi mbalimbali za Afrika.

Katika tiba hiyo ya njia ya mkojo elimu ya kuhasi imerudi kwa sura ambayo wazee hawakuitarajia. Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya korodani, na kwamba korodani zikiondolewa ugonjwa hurudi nyuma na maumivu ya mifupa hutulia, jambo lililompatia tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wagonjwa wengi wa Afrika ya Mashariki hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuingia mifupani, na hapo daktari humwekea mzee njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji mdogo wa mara moja, usio na gharama kubwa, ambao ni kuhasiwa kwa jina lake halisi. Ya pili ni sindano zilizotokana na ule mnyororo wa Schally, nazo hufanya kazi kwa njia ya kinyume: haipothalamasi kwa kawaida hupeleka amri yake kwa vipindi, yapata kila saa moja na nusu au mbili, na dawa inayoipeleka mfululizo bila kupumzika huifanya pituitari ichoke kusikia, mpaka LH ikakoma na testosteroni ikashuka kama kwamba korodani hazipo. Sindano hizo hurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu maisha yote, na bei yake huwashinda wengi. Basi mzee aliyekuwa akishika kisu katika zizi lake, anayejua kwa hakika yote yampatayo ndafu, huambiwa ayakubali katika mwili wake ili aishi. Sidhani kuna mgonjwa anayeielewa tiba yake vema kuliko huyu, wala anayestahili zaidi kuelezwa kwa upole, mwanawe wa kiume akiwa ameketi karibu, juu ya joto la ghafla litakalompanda usoni, mifupa itakayopungua nguvu, na shauku itakayomtoka. Na aelezwe pia lile ambalo kisu cha zizini hakikulifundisha, kwamba sauti yake nzito haitarudi kuwa ya kitoto, na kwamba akili yake na cheo chake katika ukoo havikukaa katika viungo vile.

Lililobaki ni la nyumba isiyo na mtoto. Wafugaji wa mlimani wamekwisha kuzoea kwamba fahali haaminiwi kwa umbo lake: katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, kwenye barabara ya kutoka Moshi kwenda Arusha, mbegu za dume hutazamwa kwa darubini kabla ya kugandishwa na kupelekwa kwa ng'ombe wa maziwa wa vijijini, na mfugaji haoni fedheha kuuliza kama zimepimwa. Kwa wanadamu fedheha ingalipo. Uchunguzi wa ugumba uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2006 ulichukua wanandoa kuwa kitu kimoja cha kuchunguzwa, mume na mke pamoja, nami nauheshimu kwa ajili hiyo. Maana kwa miaka mingi kabla yake mke alitangulia peke yake, akapimwa, akanyweshwa dawa za mitishamba na za hospitali, akapelekwa kuombewa, na huku mume akishauriwa na ndugu zake aoe mwingine.

Mume akikubali kwenda hospitali, kazi yenyewe si kubwa. Hutoa manii yakatazamwa. Yakikutwa hayana mbegu, hutolewa damu kidogo ikapimwa FSH, LH na testosteroni, na kutokana na vipimo hivyo daktari husoma mahali palipoharibika. FSH ikiwa juu sana, seli za Sertoli zimeshindwa, inhibini haipo ya kuizuia, na pituitari inaita bila kuitikiwa. Hapo dawa kwa kawaida haina la kufanya. FSH na LH zikiwa chini pamoja na testosteroni, kosa liko juu, kwenye ubongo au pituitari, na mwanamume huyo aweza kupewa sindano za wajumbe wanaokosekana akazaa watoto wake mwenyewe. Zote zikiwa sawasawa, aghalabu njia ndiyo iliyozibwa, nalo ni jambo la daktari wa upasuaji. Katika yote matatu mke ametoka bila shutuma.